Maji ya Kunywa Sakafuni

Watu wenye heshima zao huota usiku. Mimi niliota jana saa saba na nusu mchana, nimekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya stoo ya madekio, mgongo ukutani, chai ya rangi imepoa mkononi. Nusu saa ya mapumziko ni haki yangu, imo kwenye mkataba ukurasa wa tatu. Kuota hakumo, lakini pia hakukukatazwa.

Kabla ya ndoto niseme kwanza yaliyotokea nikiwa macho, maana bila hayo mtasema nimevuta bangi.

Naitwa Tusajigwe. Miaka tisa nilikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali yetu ya wilaya, huku kwetu kwenye mvua na mashamba ya chai. Mtumishi wa serikali kamili, mwenye barua ya ajira na sare ya bluu. Nilipiga deki, lakini pia niligeuza wagonjwa, nililisha wasio na ndugu, niliwanywesha maji. Kisha ukaja waraka kwamba serikali ina watumishi wengi mno, hivyo kampuni binafsi ipewe kazi za mikono. Ijumaa tulivua bluu, Jumatatu tukavaa rangi ya chungwa. Watu wale wale, madekio yale yale. Ila mkataba wa kampuni unasema sakafu, na ukuta mpaka kimo cha mita moja na nusu. Mgonjwa hayumo. Kumgusa mgonjwa ni kufukuzwa, na mwenzetu mmoja alishafukuzwa kwa kumfunika mtu blanketi.

Cha kuchekesha, kama una meno ya kuchekea, watumishi hawakupungua. Tulitoka wahudumu kumi na wanane, wakaingia maofisa ishirini na wawili wa kutusimamia: wa mkataba, wa ubora, wa vipimo vya sakafu, na makaimu wao. Wote wana viti. Wodi ya wanawake ina sista mmoja.

Alhamisi ya wiki iliyopita, Bibi Tupokigwe wa kitanda namba kumi na nne aliniita. "Mwanangu, maji." Meza ya maji iko hatua nne tu kutoka kitandani kwake. Kikombe chake cha bati kilikuwa juu ya meza hiyo, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Ndivyo wafanyavyo wenye wagonjwa hapa kwetu, kila chombo kinafungwa uzi ili kisipotee katika vyombo vya watu. Mimi nilikuwa napiga deki hapo hapo. Msimamizi wetu wa kampuni, Gwamaka, alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake ya kukagulia. Nikamwambia bibi, "Ngoja nimwite sista." Sista Sekela alikuwa na wagonjwa arobaini peke yake. Ngojangoja huumiza matumbo. Bibi alichoka kungoja, akashuka mwenyewe. Sakafu ilikuwa mbichi. Niliyeipiga deki ni mimi.

Alifariki Jumamosi. Watu wake wakachukua mwili na kikombe, wakaenda kuzika. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Sasa ndoto.

Dekio linanigonga begani.

"Amka," linasema. "Kuna uhakiki."

Sishangai hata kidogo. Nauliza, "Uhakiki wa nini?"

"Wa watumishi. Wanahesabiwa wodini." Linajikamua kichwa juu ya ndoo, kwa adabu, lisinirushie maji. "Wewe huhesabiwi. Wewe na mimi tuko kwenye orodha ya vifaa. Mimi namba sita, wewe namba saba."

"Kwa nini wewe unitangulie?"

"Mimi nina waranti ya kiwandani," linasema dekio.

Nikalishika mkono tukatoka.

Wodi yetu ina vitanda arobaini. Katika ndoto vipo vile vile arobaini, lakini kila kimoja kimezungukwa na meza tano, na kila meza ina mtu mwenye tai na chupa ya maji ya kunywa. Kati ya kitanda namba kumi na nne na meza ya maji amelala Bibi Tupokigwe, ubavu chini, shavu kwenye saruji. Macho yake yako wazi. Ananiona.

"Mwanangu," anasema. "Maji."

Napiga hatua moja. Afisa mwenye utepe wa kupimia ananizuia kwa mkono.

"Usimsogelee. Bado hatujajua ni wa nani."

"Ni Bibi Tupokigwe, wa kitanda namba kumi na nne."

"Jina tunalo. Tunamtafuta mwenye kumiliki." Ananieleza taratibu, kama anaeleza mtoto jinsi ya kufunga kamba za viatu. "Mgonjwa akiwa kitandani ni wa serikali. Akiwa sakafuni ni wa kampuni, kwa kuwa sakafu tuliwapa kampuni. Sasa tazama pale."

Natazama. Kisigino cha kushoto cha bibi kimenasa kwenye shuka, na shuka linaning'inia kutoka kitandani.

"Kisigino ni cha serikali," anasema afisa. "Vilivyobaki ni vya kampuni. Tangu Alhamisi tunapima."

Upande wa pili wa bibi amesimama Gwamaka, karatasi kifuani. "Kampuni haiwezi kupokea mtu ambaye hajakamilika," anasema. "Alete na kisigino."

"Na serikali haiwezi kutibu kisigino peke yake," anasema afisa.

"Jamani," anasema bibi kutoka chini, "nina kiu."

"Tumekusikia, mama. Imeandikwa." Na kweli, kuna mtu ameandika.

Kwenye kona, lile bango la manjano la TAHADHARI SAKAFU INA UTELEZI linalia kimya kimya. Hospitali nzima inalo hilo moja, na Alhamisi lilikuwa limeazimwa na wodi ya wazazi. Kila apitaye linamwambia, "Mimi sikuwepo. Ningekuwepo ningesema." Nataka kulibembeleza, lakini nami nilikuwepo, na sikusema.

Naangalia chupa mezani. Zinafika mia mbili.

"Nimpe moja ya hizi," namwambia afisa.

"Hayo ni maji ya kikao."

"Basi yale ya mezani, hatua nne kutoka hapa."

"Yale ni ya kitandani." Anafungua kitabu kinene cha kanuni, anapuliza vumbi, analamba kidole. "Maji ya kunywa kitandani, yapo. Maji ya kupigia deki sakafuni, yapo. Maji ya kunywa sakafuni..." Anafunua mpaka jalada la nyuma. "Hayapo. Itabidi tuanzishe nafasi."

Anavuta droo ya kabati la majalada. Ndani yake kuna mwanamume mwenye suti, amekunjwa mara tatu. Wanamkung'uta, anakunjuka, anawapa watu mkono. Huyo ndiye Afisa wa Maji ya Kunywa Sakafuni. Kabla hajaketi anasema anadai likizo ya miaka miwili, na kwamba peke yake hawezi. Wanavuta droo ya pili, anatoka msaidizi. Msaidizi anaomba katibu muhtasi. Katibu muhtasi anaomba mtu wa kukaimu siku akiwa hayupo, na yule wa kukaimu anaomba dereva. Nahesabu mpaka thelathini na moja. Droo haziishi.

"Sasa mnaweza kumpa maji?" nauliza.

"Kwanza semina elekezi," anasema yule wa suti. "Siku tatu tu."

Nje ya dirisha jua linazama na kuchomoza, linazama na kuchomoza, linazama na kuchomoza. Wanagawiwa mikoba na kalamu. Bibi amefumba macho, halafu anafumbua. Mimi muda wote huo nimesimama na dekio langu, maana mbele ya wenye nguvu mtu mdogo hujua kusimama tu.

Semina inapokwisha nauliza tena. "Nani anamletea?"

Watu wote wenye tai wananitazama kana kwamba nimejamba kanisani.

"Dada," anasema Afisa wa Maji ya Kunywa Sakafuni, "siku hizi serikali haifanyi. Serikali inasimamia wanaofanya. Kazi hii tunampa mzabuni."

Mzabuni anaingia, mwanamume mwenye tumbo na muhuri wake mwenyewe. Anapigiwa makofi. Meza zote zimejaa karatasi, hivyo anapiga magoti na kuweka mkataba juu ya bega la bibi ili apate pa kusaini. Bibi Tupokigwe anazuia pumzi, mwandiko wa watu usiharibike.

Hapo ndipo nilipotaka kupiga kelele. Mdomo ukafunguka, yakatoka mapovu ya sabuni.

Mzabuni anainuka, anageuka kwa mtu aliye nyuma yake mlangoni, anamnong'oneza na kumkabidhi karatasi. Yule naye anageuka kwa wa nyuma yake. Naona wanageuka mmoja baada ya mwingine mpaka nje. Nikajisemea, liwalo na liwe, nitawafuata mpaka nimjue wa mwisho, yule atakayefungua bomba.

"Nirudi saa ngapi?" nauliza dekio.

"Kabla hajafa," linasema dekio.

Natoka mlangoni. Korido haipo. Nimo katikati ya shamba la chai, mvua ya kwetu inanyesha, na foleni ya watu imesimama katikati ya matuta, inapanda kilima, inapotelea kwenye ukungu. Kila mtu amejifunika karatasi kichwani.

"Wewe ndiye wa kuleta maji?" namuuliza wa kwanza.

"Mimi nampa huyu."

"Wewe?"

"Mimi nampa huyu."

Napanda. Wa mwanzo wana tai na viatu vya kung'aa. Mbele kidogo tai zinakwisha, yanabaki mashati. Kisha viatu vinakuwa kandambili. Kisha kandambili zinakuwa miguu mitupu, na karatasi za kichwani zimelowa mpaka hazisomeki. Hakuna hata mmoja aliyebeba maji. Wote wamebeba kazi ya kuleta maji, na kila nikipanda naona mzigo unazidi kuwainamisha.

Katikati ya kilima kuna mtu ameketi chini ya mwavuli, ana daftari. Ndiye mhakiki.

"Mia nne na kumi na wawili," anasoma kwa sauti. "Idadi ya watumishi haijaongezeka. Mungu ni mwema."

"Na hawa?" namuuliza, nikimwonyesha kilima kizima.

Anainua uso, anatazama kulia, anatazama kushoto. Mtu wa foleni amesimama juu ya mguu wake.

"Hawa wapi?" anauliza.

Namwacha. Napanda mpaka miguu inakufa ganzi. Juu kabisa, foleni inapokwisha, kuna bomba moja, na mbele ya bomba amechutama mwanamke mwenye sare ya rangi ya chungwa. Amenipa mgongo. Anajaza kikombe cha bati chenye uzi mwekundu.

Moyo wangu unafurahi. Ndugu zangu, sina aibu kusema, nilifurahi kama siku niliyopewa barua ya ajira. Kumbe yupo. Kumbe mwisho wa watu wote hawa yupo mtu anayefanya.

"Dada, pole na kazi," namwambia. "Ni nani aliyekutuma?"

"Simjui. Nimeletwa na aliyeletwa."

Anageuka. Ni mimi. Ana hata kovu langu la nyusi, nililolipata nikiwa darasa la tatu.

Ananipa kikombe kimejaa pomoni. "Peleka wewe," anasema. "Mkataba wangu unaishia kwenye bomba."

Nashuka. Nimekishika kwa mikono miwili, sitazami pembeni. Lakini mtu wa kwanza ninayekutana naye kwenye foleni ananizuia. "Natakiwa kuthibitisha kama ni maji," anasema, anapiga funda moja. Wa pili anathibitisha uthibitisho wa yule. Wa tatu anaonja kwa niaba ya asiyekuwepo. Wenye miguu mitupu wanakunywa kidogo, kwa aibu, na hao siwalaumu, wamesimama pale tangu lini sijui. Wenye kandambili wanakunywa zaidi. Wenye tai wanasukutua, wanatema, wanasaini. Nawaomba. Nawaambia kuna mtu sakafuni, ana kiu, ni bibi wa watu. Wanasema pole sana, na wanasema kwa dhati kabisa, huku wanapokea kikombe.

Naingia wodini mbio. Kikombeni limebaki tone moja, linatembea chini huku na huku.

Wenye meza wamesimama wote. Kisigino cha bibi kimeteleza kutoka kwenye shuka.

"Amekamilika," anasema afisa wa utepe, anapangusa jasho. "Kuanzia sasa yote ni ya kampuni. Tunawashukuru kwa ushirikiano."

Napiga magoti. Kwa mara ya kwanza nampigia magoti bibi. Naupeleka ukingo wa kikombe mdomoni pake, na tone halishuki. Limekauka njiani, kati ya mkono wangu na mdomo wake.

"Bibi, nisamehe," nasema. "Wapo wengi sana. Nimepita kwa wote."

"Kwa nini ulipita kwa wote?" anauliza. Hana hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Mimi sikuiomba serikali maji, mwanangu. Wala hiyo kampuni siijui. Nilikuomba wewe, kwa kuwa ulikuwa karibu."

"Mkataba wangu ni sakafu, bibi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Nikalia. Nililia katika ndoto hivyo hivyo ninavyolia nyumbani, kwa sauti mbaya. Bibi akachukua kikombe, akafungua uzi mwekundu kwa vidole vyake vilivyovimba maungo, akaufunga kwenye kidole changu cha shahada, mafundo mawili.

"Ili usipotee katika vyombo vya watu," akasema.

Gwamaka anaangalia saa. Dekio linajipenyeza mkononi mwangu lenyewe. "Tupige deki," linaninong'oneza, "maofisa wanataka kupita." Na mimi, Mungu anajua, napiga deki. Naanzia miguuni. Kila ninapopitisha dekio, bibi anafutika pale, unabaki ubichi unaong'aa. Nafika kwenye kiuno. Nafika kwenye bega lenye wino wa saini. Anaendelea kunitazama mpaka mwisho, na mkono wangu hausimami.

"Tusa! Nusu saa imekwisha!"

Gwamaka alikuwa anagonga mlango wa stoo kwa funguo. Niliamka, chai yote imenimwagikia mapajani. Dekio lilikuwa limeegemea ukuta, kimya, kichwa chini. Nikasema alhamdulillahi, mimi Mkristo wa Moravian, kwa jinsi nilivyofurahi kuwa macho. Nikainua mkono nijifute uso.

Kidole cha shahada kilikuwa na uzi mwekundu. Mafundo mawili. Nilijaribu kuufungua kwa meno, ukakataa.

"Wodi ya wanawake," Gwamaka akasema, "haraka. Maofisa wanapita saa nane na nusu kukagua."

Nilikwenda. Ndugu, ningefanyaje? Nina watoto watatu na mama mzazi. Nikaanzia mlangoni kama kawaida, nikasogea safu kwa safu, mpaka kati ya kitanda namba kumi na nne na meza ya maji. Kitanda kilishapata mtu mwingine, mama mmoja aliyeletwa asubuhi, hana hata ndugu wa kumfungia uzi kwenye chombo. Sikumtazama. Nilitazama mahali pale kwenye saruji, nikapapiga deki mara mbili.

"Mwanangu," mama akasema.

Sista Sekela alikuwa mwisho wa wodi, ameshika dripu ya mtu kwa mkono mmoja na kuandika kwa mkono wa pili. Gwamaka alikuwa mlangoni na karatasi yake.

"Mwanangu, nisaidie maji."

Hatua nne. Uzi ulinibana kidoleni mpaka ncha ikawa nyeusi. Nililijua jibu la kumpa. Nilikuwa nimepanda kilima kizima na kushuka kwa ajili ya jibu hilo. Nikafungua mdomo.

"Abee, mama," nikasema. "Ngoja nimwite sista."

Nikaliegemeza dekio ukutani, nikaenda kumwita. Nilifika katikati ya wodi, na nyuma yangu, juu ya sakafu ambayo ilikuwa bado mbichi, nikasikia chuma cha kitanda kikilia, kama kinavyolia mtu anaposhusha mguu.